Kete ya Nne

Kambini, Ngara
11 Januari 1998

Kwako Shangazi Rozalia,

Shikamoo. Sisi huku tupo, na mvua nayo ipo. Mama anakohoa asubuhi tu, mchana kazi humsahaulisha. Turubai letu limetoboka juu ya kitanda changu, kwa hiyo nalala nimejikunja kama mbuzi. Sabuni uliyompa Renatus ilifika, ila imepungua kona moja. Yeye anasema ni mvua. Mama anasema mvua hiyo inavaa suruali na kuendesha lori.

Shangazi, kuna jambo. Nimeliandika mara tatu nikachana, na karatasi ni za daftari la shule. Unanijua, mimi kusema siwezi. Hata kusoma kwa sauti darasani Bukiriro mwalimu alichoka na mimi akaniacha niwe nafuta ubao. Kuandika ndiyo naweza kidogo.

Baada ya Krismasi malori yalileta wakimbizi wenzetu wa kambi iliyofungwa. Wamepewa viwanja ng'ambo ya bomba la maji. Jumapili baada ya misa wanaume wao hutandika mkeka kwenye kibanda cha kinyozi, wanacheza kete. Si bao wala karata. Ni zile kete za kwetu, vipande vinne vyembamba, urefu wa kidole, upande mmoja mweupe, upande wa pili umechomwa moto ukawa mweusi. Mtu anavitikisa mkononi, anavirusha, wanahesabu vilivyolala chali.

Nilipita na ndoo yangu nikaviona. Vitatu ni vya mfupa, vimegeuka manjano. Cha nne ni cha mti wa mkahawa. Mfuko wake ni wa kaki, kaki ya sare yangu ya darasa la kwanza, ule Mama alioushona ndani ya koti la Baba upande wa moyo. Uzi haukufumuliwa. Mfuko umekatwa kwa kisu, na kipande cha koti bado kimening'inia.

Mwenye mfuko ni Kazimili. Jirani yetu yule yule aliyekuwa anakuja kila Jumapili kucheza na Baba na kunywa pombe yake ya ndizi. Hakunitambua. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa na miaka kumi na miwili, sasa nina kumi na sita na nimemzidi Mama urefu.

Unajua kwamba Baba hatujamwona tangu siku ile tuliyokimbia, Novemba '93, wala hakuna aliyetuambia kama ana kaburi.

Naomba unifundishe mchezo huo. Kwetu wasichana hatukuruhusiwa hata kuhesabu punje, lakini wewe umewahi kuandika kwamba Babu alikufundisha. Tafadhali usiniulize ni wa nini.

Mwanao,
Nimpaye


Nyakanazi
3 Februari 1998

Nimpaye mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa siku tisa Lusahunga kwa sababu daraja lilikatika na Renatus akalala ndani ya lori na magunia yake. Alifika hapa gengeni ananuka unga, akala ugali sahani tatu. Nilimuuliza habari za sabuni. Akatazama juu kama anahesabu makenchi ya paa.

Mimi mzima. Goti linauma. Kuku wawili wameibwa, na mwizi namjua kwa sababu anakula hapa na mifupa anaibakiza vizuri sana.

Mpe mama yako pole ya kifua. Mwambie majani ya mkaratusi, achemshe, ajifunike shuka.

Mchezo ni rahisi. Kila mtu anaanza na punje kumi za maharage. Mnarusha kwa zamu. Kete mbili nyeupe na mbili nyeusi, hakuna kitu, mpe mwenzako. Nyeupe tatu, unachukua punje moja kwake. Nyeusi tatu, unampa moja. Nyeupe zote nne tunaita mwezi, unachukua tatu. Nyeusi zote nne ni giza. Ukianguka giza hutoi punje. Unaweka kiganja juu ya kete, na mwenzako anakuuliza swali moja. Lolote. Unajibu kweli. Ni moja tu, halina mtoto wala mjukuu. Na mtu aliyeanguka giza hachezi tena na yeyote, wala haketi mkekani, mpaka aulizwe na ajibu. Akidanganya na ikajulikana, hakuna mwanaume atakayeketi naye tena, hata kwenye pombe ya msiba.

Ndiyo maana wasichana walinyimwa. Wazee waliogopa maswali yetu.

Pasua mwanzi, choma upande mmoja, ujaribu. Usichezee karibu na mama yako.

Kuhusu mtu huyo uliyemtaja sina la kuandika leo. Wateja wamejaa.

Shangazi yako,
Rozalia


Kambini
22 Februari 1998

Shangazi yangu,

Shikamoo tena na tena. Mama amejifunika shuka kama ulivyosema, akatoka amelowa jasho na anacheka, anasema sasa ananukia kama dawa ya ng'ombe. Kifua kimelegea.

Nimejaribu. Nilipasua mwanzi wa uzio wa jirani, nikachoma kwa moto wa kuni. Kete mbili ziliungua zote, nikapasua tena. Nacheza na Iradukunda, yule rafiki yangu wa mstari wa tatu. Yeye anasema sana, mimi nasikiliza sana, kwa hiyo tunaelewana. Siku ya kwanza alinimaliza punje zote, akazipeleka kwao wakazipika.

Siku ya pili nilianguka giza. Akaniwekea kiganja changu juu ya kete mwenyewe, akakunja uso kama padri. Akauliza, "Haya sema, kati ya wale wavulana wa kwaya unampenda nani?" Nikajibu hakuna. Akasema, "Mwongo. Kesho huketi na mimi kwenye pombe ya msiba." Tulicheka. Lakini mimi nilikuwa nimeogopa kweli, Shangazi. Si swali la kwaya nililoliogopa.

Sasa nasema ni wa nini. Nataka kuketi mbele ya Kazimili. Nataka aanguke giza mbele ya wale wanaume wanaomwita mzee wa busara na kumpa kigoda, aweke kiganja juu ya kete za Baba, nami nimuulize alimwacha wapi. Nataka waone uso wake ukibadilika. Jumapili mbili nimekaa karibu na kinyozi nikijifanya nasubiri ndoo ijae. Ana kicheko kile kile. Anavaa viatu. Nimegundua kwamba nahesabu pumzi zake, na kila anayovuta naona kama kamnyang'anya mtu.

Mama hajui. Nikitaja jina hilo atasema tusamehe ili tulale. Mimi silali hata hivyo, turubai linavuja.

Shida ni kwamba giza haliji. Nimerusha mara mia na kumi na mbili. Limekuja mara sita tu.

Nimpaye


Nyakanazi
29 Machi 1998

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa. Barabara ilikuwa maji, halafu ilikuwa tope, halafu ilikuwa mimi mwenyewe. Barua nilikuwa nayo kifuani tangu tarehe kumi.

Ndani ya mche huu wa sabuni kuna kitu. Nimeupasua, nikauchimba, nikaubandika tena. Renatus akimega kona safari hii atavunja jino, na itakuwa halali yake. Ukate taratibu.

Hiyo ndiyo kete ya nne. Umewahi kujiuliza kwa nini ile moja ni ya mti? Baba yako aliichonga mwaka '72, kwa sababu ya mfupa niliondoka nayo mimi. Asubuhi niliyokimbilia huku nilikuwa na umri kama wako, niliichukua kwenye mfuko wa Babu yako akiwa anafunga mbuzi. Sikuaga. Miaka ishirini na sita inakaa kwenye kopo la chumvi.

Sasa sikiliza nikuambie kwa nini niliichukua hiyo na si nyingine. Ipime mkononi. Babu yako aliitoboa, akatia kipande cha msumari, akaziba kwa nta na masizi. Karibu kila mara inalala nyeusi juu. Alikuwa mzee wa kanisa, anakomunika kila Jumapili, na alikuwa akiwaangusha majirani giza ili ajue siri zao. Nilimwona. Nilimchukia kwa hilo. Niliiba uovu wake nikadhani nimeusafisha ukoo.

Na sasa nautuma kwako mimi mwenyewe.

Ukiwa nayo, giza litakuja mara mbili zaidi. Kwako pia litakuja, hilo ulijue. Anayerusha hachagui. Kama kuna swali ambalo hutaki kuulizwa, kaa nyumbani.

Iweke karibu na zile tatu, mbele ya watu. Wataona ni mfupa wa ng'ombe mmoja. Kabla hata hajarusha watakuwa wameshaanza kumtazama.

Usimwonee huruma. Alikula kwetu.

Rozalia


Kambini
26 Aprili 1998

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo. Pasaka tulipata nyama kidogo kutoka Bukiriro kwa wale tuliokaa kwao. Wanakusalimia, wanasema migomba yao imeangushwa na upepo.

Nimeketi naye. Ilikuwa leo.

Nilikwenda baada ya misa, Iradukunda nyuma yangu akinisukuma mgongoni kama mkokoteni. Nilisimama pembeni ya mkeka. Unajua nilifanya nini? Nilimwamkia. Shikamoo yenyewe ilitoka, maana ni mzee na mimi nimelelewa. Akaitikia, "Marahaba, binti, unatafuta nani?" Nikamwambia, "Nataka kucheza."

Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Aende akacheze na watoto, hapa hakuna wanasesere." Mwingine, "Mwacheni, akishinda atatupikia hizo punje." Nikafungua kiganja. Nilisema maneno niliyoyakariri wiki nzima, "Kete ya mti si ya hapo. Ya nne ni hii." Nikaiweka kando ya zile tatu.

Kicheko kilikatika. Kinyozi mwenyewe alishusha mkasi akainama. Rangi ile ile, nyufa zile zile, hata alama ya kisu pembeni inaendelea kutoka kete moja hadi nyingine. Mzee Nzeyimana, anayewaamulia ugomvi wao, akamuuliza Kazimili, "Seti hii ulisema uliirithi?" Kazimili alikuwa ananitazama mimi, taratibu, kuanzia miguuni. Akasema, "Wewe ni wa Bukuru." Nikasema ndiyo.

Akaitoa ya mti mwenyewe, akaniwekea gotini. Akaichukua ile ya mfupa niliyoileta, akaipima. Nikajua amejua. Akainama akasema kwa sauti ya chini, mimi tu ndiye niliyesikia, "Nzito. Hii ni ya Rozalia." Nilingoja aseme kwa wote kwamba nimekuja na kete ya wizi. Hakusema. Akatikisa akarusha.

Tulirusha kwa muda mrefu. Mimi nilipoteza punje nne. Kila nikirusha naomba lisije kwangu. Kila akirusha naomba lije. Mara ya kumi na moja au kumi na mbili, alirusha, zikalala nyeusi zote nne.

Shangazi, aliweka kiganja juu ya kete kabla mtu hajamwambia. Kwa haraka. Kama mtu aliyebeba gogo na ameona mahali pa kulitua. Machozi yalikuwa yameshamjaa, akasema, "Uliza, mwanangu. Uliza."

Ndipo nikaona. Alikuwa anataka. Aliijua kete, akairusha makusudi. Miaka minne na nusu amekuwa anangoja mtu wa kwetu aje amuulize, aseme, alie, wamshike bega, wamwambie pole mzee. Kisha arudi kwenye kigoda chake akiwa mwepesi.

Nikanyamaza.

Wote wakangoja. Mzee Nzeyimana akasema, "Binti, swali ni lako." Nikanyamaza. Maisha yangu yote nimenyamaza kwa aibu. Leo ni mara ya kwanza nimenyamaza kwa kupenda, na nilisikia utamu wake mpaka kwenye meno. Nilichukua kete zote nne na ile ya mti na mfuko, hakuna aliyenizuia. Nikaondoka na punje zangu sita.

Haruhusiwi kucheza wala kuketi mkekani mpaka nimuulize. Ulisema hivyo. Wazee wa hapa nao wamesema hivyo. Wameshamwondolea kigoda.

Nimpaye


Nyakanazi
17 Mei 1998

Nimpaye,

Marahaba. Hatujambo. Goti vile vile.

Nimesoma barua yako nimesimama, ugali ukaungua. Nilicheka pale aliponijua kwa uzito wa kete. Halafu nikafika mwisho.

Umefanya nini? Nilikutumia kete ili aulizwe, si ili umweke kwenye kopo la chumvi. Bukuru alikuwa kaka yangu kabla hajawa baba yako. Nataka kujua amelala wapi. Kama ni mtoni, nijue mto. Kama ni shimoni, nijue shimo. Muulize Jumapili hii, uandike jibu lake neno kwa neno, Renatus anakuja na mahindi Jumatano.

Rozalia


Nyakanazi
14 Juni 1998

Mwanangu,

Renatus amerudi mara mbili mikono mitupu. Anasema alikuona bombani, ukageuza uso. Mama yako ameniandikia, hajui lolote, anauliza kwa nini huli.

Sikugombezi tena. Nauliza tu. Huyo mtu bado yupo? Watu wanahama, watu wanakufa kwa kuhara kila siku. Akifa na jibu lake utamuuliza nani?

Kuna kitu hujaniambia. Tangu barua ya kwaya nakijua. Niliona nikakiacha, kwa sababu mimi pia nilikuwa na changu kwenye kopo.

Rozalia


Kambini
5 Julai 1998

Shangazi Rozalia,

Shikamoo. Mama hajambo. Mvua imekwisha, sasa ni vumbi.

Kazimili yupo. Kila Jumapili anakuja, anaketi chini kwenye udongo, hatua tatu kutoka mkekani. Hawamkaribishi wala hawamfukuzi. Nikipita na ndoo anasimama na kuvua kofia. Viatu kaacha kuvaa. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya pili nilifurahi. Nilikuwa napita hata kama ndoo imejaa. Nimekuwa mtu mbaya, Shangazi, na ubaya wenyewe nimeona unanikaa vizuri kama nguo ya kupimiwa.

Jana Mama alipokwenda kwenye mgawo wa mafuta nilitandika shuka nikarusha peke yangu, kete zote nne za mfupa. Giza. Kwa kurusha mara moja tu. Nikaweka kiganja. Hapakuwa na wa kuniuliza. Kwa hiyo najibu lile ambalo ungeniuliza, na kiganja cha kushoto kiko juu ya kete wakati huu naandika kwa cha kulia.

Siku ile Baba alijificha kwenye shimo la kuivishia ndizi, nyuma ya nyumba. Alijifunika majani. Alimwambia Mama atangulie na sisi, atatufuata giza likiingia. Mama akaingia ndani kufunga mzigo. Mimi nilikuwa uani na ungo. Kazimili alikuja mbio, panga mkononi, peke yake. Akauliza, "Baba yako yuko wapi?"

Alikuwa mzee wa kwetu. Alikuwa amekula kwetu Jumapili ile iliyopita. Nilishindwa kudanganya, nikashindwa pia kusema. Unanijua. Nikanyoosha kidevu kuelekea shimoni. Hivyo tu. Sikutoa hata neno. Mama akatoka na mzigo, tukaondoka, na mimi sikugeuka nyuma.

Sijui kama alikuja kumtoa au kumtoa roho. Mpaka leo sijui. Na swali lolote nitakalomuuliza, jibu lake litaanzia hapo, kwamba binti ndiye aliyenionyesha. Mbele ya Mzee Nzeyimana, mbele ya Iradukunda, na jioni litakuwa limefika kwa Mama. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilikuandikia kwamba nilinyamaza kwa kisasi. Kisasi kilikuwepo, sikudanganya. Lakini nyuma yake alikuwa amejificha mwoga.

Hilo ndilo jibu langu. Nimeondoa kiganja.

Kama hutaniandikia tena nitaelewa. Kete nitazirudisha ndani ya sabuni.

Nimpaye


Nyakanazi
19 Julai 1998

Nimpaye mwanangu,

Marahaba.

Nimesoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea Domisiana, yule ninayeuza naye chapati, kwa sababu macho yalinikataa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mtoto alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia kumi na miwili. Akarudi kukanda unga.

Na mimi sina la kuongeza. Wewe ulikuwa na kidevu na ungo. Yeye alikuwa na panga, na miguu ya kurudi kutuambia, na miaka minne na nusu ya kurudia. Badala yake alikata mfuko.

Mama yako usimwambie kwa barua wala kwa mdomo mpaka nifike. Tutamwambia tukiwa wawili, na mimi ndiye nitakayeanza.

Genge nimemwachia Domisiana. Kibali cha kuingia kambini nimekipata, kwa shida na kwa sahani nyingi za wali. Nakuja Alhamisi na Renatus, mbele, dirishani, na sabuni nitaishika mwenyewe. Ile kete ya mti aliyochonga kaka yangu niwekee, nitaondoka nayo. Ile nzito tutaitia motoni pamoja. Lakini baada ya Jumapili, si kabla.

Kazimili usimwambie kwamba nakuja. Muache aje kama kawaida, aketi kwenye udongo, avue kofia. Utamwita mkekani, aweke kiganja pale pale alipokiweka. Mimi nitaketi mgongoni kwake, karibu, asinione mpaka amalize kujibu. Kama alikuja kumtoa shimoni, ataniambia walifika wapi. Kama alikuja kwa lile lingine, nimekuja na nguo za wiki tatu na sina haraka.

Watakaposikia habari ya kidevu, wasikie. Tazama uso wangu, usiwaangalie wao.

Swali ni lako, halihamishiki. Siwezi kukusaidia kuliuliza. Ila mara hii usinyooshe kidevu, mwanangu. Fungua mdomo.

Shangazi yako,
Rozalia